Dakika tano za kupumua si uvivu

Mama mmoja mwenye umri wa miaka 47 alifika kwenye kliniki yetu Jumatatu moja asubuhi akihema. (Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike.) Alikuwa ameshuka kwenye matatu, akavuka barabara mbio na kupanda ngazi hadi orofa ya tatu. Simu ilikuwa ingali inalia mkononi mwake. Alilalamika kwamba kichwa kilikuwa kikimgonga, usingizi ulikuwa umemtoroka na moyo ulikuwa ukimwenda mbio hata akiwa ameketi. Kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu, alipimwa shinikizo la damu papo hapo, kabla hata hajashusha pumzi. Mashine ilisoma 164 kwa 102.

Hapo tulikuwa tumekosea. Alipoingia chumbani mwangu nilimwomba aketi vizuri, mgongo ukiegemea kiti, miguu yote miwili sakafuni, mkono juu ya meza. Nikamwambia azime simu na asiseme neno. Mimi nami nikanyamaza. Baada ya dakika tano nikampima tena: 148 kwa 92.

"Daktari, mashine yenu ni mbovu," akasema.

Mashine haikuwa mbovu. Miongozo ya madaktari kote ulimwenguni inasema mtu aketi kimya kwa muda wa dakika tano kabla ya kupimwa, ndipo matokeo yaaminike. Lakini kilichonigusa si tofauti ya tarakimu hizo. Ni maneno aliyosema alipokuwa akiteremsha mkono wa sweta: "Hizi ndizo dakika tano za kwanza nimekaa bila mtu kuniitisha kitu tangu saa kumi na moja alfajiri."

Msomaji, jiulize: wewe leo umezipata dakika tano kama hizo?

Nimetibu watu wa mjini kwa miaka mingi, na nimefikia uamuzi kwamba wengi wetu tuliovuka miaka arobaini hatukukosa nafasi za kupumzika. Tulizitoa sisi wenyewe, kidogo kidogo, kisha tukaliita jambo hilo bidii. Mtu anayeketi kimya kwa dakika tano ofisini huonekana mvivu. Anayekunywa chai huku akijibu ujumbe wa simu na kutafuta faili huonekana mchapakazi. Kwa maoni yangu hilo ni kosa, na mwili ndio unaolipa gharama yake.

Tuanze na hali yenyewe. Umri huu wa katikati una mizigo ya pande mbili. Huku kuna watoto: karo ya mihula mitatu, sare, vitabu, na kijana aliyemaliza chuo lakini hajapata kazi. Kule mashambani kuna mzazi mgonjwa wa kisukari au magoti, na kila wiki dawa zake huhitaji mtu wa kuzilipia. Katikati kuna mkopo wa chama cha akiba, kodi ya nyumba, na fununu kwamba kampuni inataka kupunguza wafanyakazi. Simu nayo haikomi: kikundi cha matanga, kikundi cha harusi, kikundi cha wazazi wa darasa, na kila kimoja kina mchango. Isitoshe, mwili wenyewe umeanza kubadilika. Usingizi umekuwa mwepesi, kiuno kimepanuka, na kwa akina mama hedhi inaelekea kukoma.

Mwili huupokeaje mzigo huu? Mwanasayansi Mmarekani Walter Cannon alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1915 jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia unapotishwa. Homoni iitwayo adrenalini humwagwa katika damu, moyo huenda mbio, misuli hukaza na pumzi huwa fupi na ya haraka. Ukikutana na nyati, maandalizi hayo yaweza kukuokoa. Nyati akiondoka, mwili hutulia.

Shida ni kwamba nyati wetu wa leo haondoki. Yumo mfukoni na hulia kila baada ya dakika chache. Mwili haujui kutofautisha vizuri kati ya mnyama na ujumbe wa meneja uliotumwa saa tatu usiku. Basi hubaki katika maandalizi hayo kutwa nzima, mabega yakiwa yamepanda na meno yamekazana, hadi mtu asahau kwamba kuna hali nyingine.

Hapa ndipo pumzi inapoingia. Huwezi kuuamuru moyo upige polepole, wala tumbo liache kuungua. Pumzi ndiyo kazi ya mwili inayoendelea yenyewe hata ukilala, na ambayo pia unaweza kuishika na kuiongoza ukiwa macho. Ukiishika, moyo nao husikia. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Anapovuta hewa ndani, moyo huongeza kasi kidogo. Anapoitoa, moyo hupunguza mwendo. Kazi hiyo hufanywa hasa na neva ndefu iitwayo vagasi, itokayo kwenye ubongo, ikapita shingoni na kuteremka hadi moyoni, mapafuni na tumboni. Weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, upumue polepole, na huenda ukaisikia tofauti hiyo. Usishtuke usipoisikia, kwani hupungua kadiri umri unavyosonga.

Basi mtu akirefusha pumzi ya kutoka, huwa anairefusha ile sehemu ambayo moyo hutulia. Aidha, katika kuta za mishipa mikubwa ya damu, shingoni na karibu na moyo, kuna vipokezi vidogo vinavyopima shinikizo na kuuarifu ubongo. Vipokezi hivyo hufanya kazi vizuri zaidi mtu anapopumua takriban mara sita kwa dakika.

Haya si maneno ya waganga wa kienyeji. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia nchini Italia, pamoja na wenzake, walichapisha katika jarida la British Medical Journal uchunguzi waliowafanyia watu wazima 23 wenye afya njema. Waliwapima walipokuwa wakisali rozari kwa Kilatini na walipokuwa wakikariri maneno ya yoga. Katika hali zote mbili pumzi zilishuka hadi karibu sita kwa dakika, na vipokezi nilivyovitaja vikafanya kazi vyema zaidi. Bibi aliyekuwa akishika rozari jioni baada ya kukama ng'ombe, bila kujua lolote kuhusu neva, alikuwa akiutuliza moyo wake kwa namna ambayo leo tunaipima kwa mashine.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 100 waliofanya zoezi la dakika tano kila siku kwa mwezi mmoja. Wengine walifanya mazoezi ya kupumua na wengine waliketi kutafakari. Wote walipungukiwa na wasiwasi. Lakini waliopumua kwa kurefusha pumzi ya kutoka ndio walioona furaha yao ikiongezeka zaidi.

Na kuhusu mapumziko mafupi kazini, mwaka 2022 watafiti kutoka Romania walikusanya matokeo ya chunguzi 22 juu ya mapumziko yasiyozidi dakika kumi. Waligundua kwamba huongeza nguvu na kupunguza uchovu. Hata hivyo, hayakuonyesha wazi kwamba kazi yote huboreka, na kazi nzito ya akili ilihitaji mapumziko marefu zaidi ya hayo. Nalitaja hili makusudi ili mtu asikuuzie pumzi kama dawa ya kila kitu. Faida ipo, lakini ni ya kiasi. Uzuri wake ni kwamba haigharimu hata shilingi moja.

Sasa, hufanywaje? Keti, au simama ukiwa umeegemea kitu. Legeza mshipi ikiwa umekubana. Weka kiganja kimoja juu ya kitovu. Vuta hewa kwa pua huku ukihesabu kimoyomoyo hadi nne, na uhakikishe kwamba tumbo ndilo linaloinuka, wala si mabega. Kisha toa hewa polepole ukihesabu hadi sita, kama mtu anayepuliza chai ya moto bila kutaka imwagike. Hiyo ni pumzi moja ya sekunde kumi. Pumzi tatu ni nusu dakika. Pumzi thelathini ndizo dakika tano.

Usijaze mapafu kwa nguvu. Kupumua polepole si sawa na kupumua kwa nguvu, na hapo ndipo wengi hukosea. Ukipumua kwa kina na kwa haraka, utatoa hewa nyingi mno ya kabonidayoksaidi, na utaona kizunguzungu, vidole kufa ganzi na kifua kubana. Hali hiyo hiyo huwapata watu wanaoshikwa na hofu ya ghafla, nao hudhani wanakufa. Ukiona kizunguzungu, acha, pumua kama kawaida, kisha uanze tena kwa utaratibu. Ule ushauri wa zamani wa kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi uachwe, kwa sababu ni hatari kwa mtu ambaye kwa kweli ana pumu au maradhi ya moyo. Mwenye pumu asiizuie pumzi kifuani; aitoe tu polepole.

Najua utakaloniambia: "Daktari, mimi sina wakati." Nami nasema wakati unao, ila umeujaza. Fikiria siku yako. Matatu imekwama kwenye barabara ya Jogoo au ya Mombasa, na utingo ameshakusanya nauli. Uko Likoni unangoja kivuko. Birika liko juu ya jiko na maji bado hayajachemka. Kompyuta ya ofisi inawaka polepole. Uko kwenye foleni ya benki. Zamani nafasi hizi zilikuwa tupu, na mtu alitazama nje ya dirisha tu. Siku hizi hata kabla ya kiti cha matatu kupata joto tumeshatoa simu, na tunasoma habari za watu wawili wanaotukanana. Tumezigawa dakika zetu za kupumua bure, kisha tunalalamika kwamba hatuna.

Kuna nafasi moja ambayo ningependa uianze leo, nayo ni mlango wa nyumba yako. Ukifika jioni, kabla ya kubisha, simama na uvute pumzi tatu. Dereva naye azime gari kwanza, avute pumzi tatu, ndipo ashuke. Wagonjwa wangu kadhaa wameniambia kwamba nusu dakika hiyo imepunguza kelele nyumbani kuliko mahubiri yoyote. Mtu huacha kuingia na meneja wake begani na kummwagia hasira mtoto aliyesahau kuanua nguo.

Ya pili ni chai ya saa nne. Wale wa rika langu wanaikumbuka vizuri. Katika ofisi nyingi watu waliinuka, wakaenda chumba cha chai, wakacheka kidogo na kurudi. Leo kikombe huletwa mezani, na mtu hunywa macho yakiwa kwenye kompyuta. Wakubwa wa ofisi waliona kwamba wameokoa robo saa. Sidhani kwamba waliokoa chochote. Walinunua makosa ya saa nane mchana, vidonge vya kichwa na ruhusa za ugonjwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi wa Kenya angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Lakini shinikizo la damu halingoji likizo ya Desemba. Wewe uliye mkubwa wa ofisi, rudisha chai ya saa nne, na uwe wa kwanza kuinuka.

Kuna pingamizi lingine, nalo nalipa heshima. Mzee mmoja fundi aliniuliza: "Daktari, nina deni la karo na mwenye nyumba ananitafuta, nawe unaniambia nipumue?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Pumzi hailipi karo. Haimfukuzi mwenye nyumba, wala haimfanyi mwajiri dhalimu kuwa mwema. Yeyote anayewaambia watu wapumue ili wanyamazie dhuluma anawakosea. Nilimjibu hivi: deni utaondoka nalo hapa kama ulivyokuja nalo, lakini kichwa kinachokwenda kuzungumza na mwenye nyumba chaweza kuwa kimetulia au kimechafuka. Kwa kichwa kilichotulia mtu hupata maneno. Kwa kilichochafuka hupata ugomvi, au hupitia baa.

Wahenga walituachia methali mbili. Moja husema haraka haraka haina baraka, na nyingine chelewa chelewa utampata mwana si wako. Watu wa mjini tumeishika ya pili na kuitupa ya kwanza. Lakini wazee hawakuwa wakijipinga. Walijua kwamba kuna wakati wa kukimbia, na kwamba anayekimbia wakati wote huanguka.

Sasa naomba unisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu ushauri huu ukitumiwa vibaya unaweza kuua. Maumivu ya kifua yanayobana kama mzigo mzito, yanayosambaa hadi mkono, shingo au taya, pamoja na jasho jembamba, kichefuchefu au kukosa pumzi, si ya kupumuliwa hadi yaishe. Nenda hospitali mara moja. Vivyo hivyo ukiona uso umepinda upande mmoja, mkono umelegea au maneno yanakwama, kwani hicho chaweza kuwa kiharusi. Moyo kwenda mbio mara kwa mara waweza kutokana na upungufu wa damu, tezi ya shingoni, mapigo ya moyo yasiyo sawa, au mabadiliko ya hedhi kukoma. Mambo hayo hupimwa, hayabahatishwi. Na ikiwa kwa wiki mbili au zaidi huoni raha ya chochote, hulali, au wazo la kufa limekujia, huo si uchovu wa kawaida. Zungumza na daktari au mshauri leo, si kesho.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini alikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Ugonjwa huu aghalabu hauumi. Mtu aweza kujiona ametulia kabisa huku mishipa yake ikiharibika. Kwa hiyo pima kwanza. Na ukiwa umeandikiwa vidonge, usiviache kwa sababu umejifunza kupumua.

Hilo ndilo lililomkuta yule mama wa Jumatatu. Alipoiona 148, alitabasamu na kuniuliza kama angeweza kwenda nyumbani bila dawa, maadamu shida ilikuwa haraka tu. Nikamwambia tusikimbilie kusema hivyo. Alipata mashine ya kuazima, akajipima nyumbani asubuhi na jioni kwa wiki moja, kila mara akiwa ameketi kimya kwa dakika tano. Kipimo cha nyumbani kinapaswa kuwa chini ya 135 kwa 85. Wastani wake ulikuwa juu ya hapo. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwapo, na mbio zake ziliuongezea. Leo anameza kidonge kimoja kila asubuhi, na amepunguza chumvi.

Lakini mashine alipoirudisha, zile dakika tano hakuziacha. Aliniambia kwamba amezihamishia kwenye matatu ya alfajiri, simu ikiwa ndani ya mkoba, kuanzia kituo anachopandia hadi mzunguko wa kwanza wa barabara. Usingizi umerudi kwa kiasi. Karo bado haijaisha.

Msomaji, huenda unasoma ukurasa huu ukiwa safarini au ukingoja kuitwa mahali. Ukifika kwenye nukta ya mwisho, usigeuze ukurasa kwanza. Weka gazeti magotini, kiganja juu ya kitovu, uhesabu nne ukivuta na sita ukitoa, mara tatu. Kisha panga siku ya kwenda kupimwa shinikizo la damu wiki hii. Na muuguzi akitaka kukupima kabla hujashusha pumzi, mwombe kwa heshima akupe dakika tano.